Kiangazi cha Wacheza Dansi

Harufu ya maharage yanayochemka ikichanganyika na sabuni ya hotelini hunirudisha mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, Marekani, kiangazi nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma mwaka uliotangulia. Mama alifua mashuka hotelini kuanzia mchana, na asubuhi alikaa sakafuni na jirani yetu Mama Goreti, Mkongo wa Uvira, wakichagua maharage kwenye ungo. Kirundi chetu Mama Goreti hakukijua, hivyo nyumba nzima ilizungumza Kiswahili. Kiyoyozi kilikuwa na kelele nyingi na ubaridi kidogo, basi mlango uliachwa wazi na watoto wa jengo zima walipita wakichungulia sufuria yetu.

Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba shule ikifunguliwa nitamsimulia kitabu kizima cha Kiingereza, na nikishindwa nitabaki darasa la wageni wa lugha mwaka mwingine. Akanipa riwaya nene kama tofali, ya vijana wa kitajiri katika mji mmoja wa Ulaya, miaka michache kabla ya vita kuu. Kila sura walicheza dansi. Walibadilisha magauni mchana na jioni, wakapanda magari yenye madereva, wakapendana na kununiana, na hakuna hata mmoja aliyeingia jikoni. Nilisoma ukurasa wa kwanza nikalia. Mama hakunibembeleza.

"Sikukuleta huku ukarudie darasa," alisema. "Utasoma kila siku, halafu utatuhadithia kwa Kiswahili. Tukielewa sisi, mwalimu naye ataelewa."

Basi nikasoma, kamusi mapajani, kichwa kikiniuma. Wale wanawake wawili hawakuwa wasikilizaji wapole. Nikishindwa na aya fulani, hadithi ilitoboka na mama aliliona tundu papo hapo. "Jana walikuwa wamenuniana, leo wanacheka. Nani aliwapatanisha? Nani alitumwa kwao?" Kwetu watu hawapatani hivi hivi bila mtu wa kati, kwa hiyo nilirudishwa kwenye kitabu nikamtafute. Mama Goreti yeye alihangaikia chakula. "Aba batoto banakulaka saa ngapi?" aliuliza karibu kila siku. Kufikia katikati ya kitabu nilikuwa nimeacha kulia, na niliwajua wale vijana kuliko wanafunzi wenzangu.

Kisha magazeti ya kitabuni yakaanza kuandika habari za vita, na wanajeshi wakajaa stesheni, lakini dansi ikaendelea. Mama Goreti akaweka ungo chini. "Simamisha hapo, mwanangu. Ubaache bacheze." Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika punje moja ya maharage bila kuitupa wala kuirudisha, nikaogopa, nikafunga kitabu.

"Fungua," alisema. "Mwalimu hatakuuliza nusu."

"Lakini mama, kwa nini hawakimbii? Si wamesoma gazeti?"

"Nguo zao ziko kwa fundi," alijibu. Halafu akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kwamba yeye naye alikuwa msichana wa mjini, Bujumbura, na vita vilipokaribia, imvutano yake, vazi la kitambaa la kuvaa kwenye arusi ya dada yake, ilikuwa kwa fundi haijapindwa. Watu walimwambia aondoke. "Nikasema, Jumamosi nitaichukua. Hiyo Jumamosi ilitukuta njiani, dada yangu hayupo tena." Akaitupa ile punje. "Soma, Chantal."

Nilisoma mpaka mwisho. Shule ilipofunguliwa mwalimu aliniuliza kwa nini wale vijana hawakukimbia, nami kwa Kiingereza changu cha kukwaruza nikamjibu kwamba nguo zao zilikuwa bado kwa fundi. Akauliza hilo limeandikwa ukurasa gani. Nikamwambia halimo kitabuni, nimeambiwa na mama. Akanipandisha darasa.

Leo mimi ni muuguzi, tunaishi Katy, kando ya Houston, katika nyumba ambayo kiyoyozi chake hakisikiki. Riwaya ile nimeinunua upya, na kiangazi hiki binti yangu Keza anamhadithia bibi yake kwa Kiswahili, atake asitake. "Bibi, kitabu ni so long, wana-dance tu," analalamika. "Endelea," mama anamjibu, na ninajua hatamwachia hata sura moja. Nguo zetu za sherehe hushonwa na fundi mmoja Mtanzania, Houston. Kila tukipeleka kitambaa, mama huvuta kiti na kukaa kando ya cherehani mpaka nguo iishe, hata kama ni kutwa nzima. Fundi ameshazoea. Nami, pamoja na haraka zangu zote, sijawahi kumwambia twende, tutairudia Jumamosi.