Kamba ya Bi Vibanio

Huyu ni Bi Vibanio, binti wa dobi aliyemrudishia hakimu barua ya siri iliyosahaulika mfukoni, bila kuifungua; mjukuu wa mkunga aliyejua kichwani siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa mtaa. Yeye aliishia darasa la saba, akafua mashuka ya watu miaka thelathini, na uzeeni akawa mtu wa kuwasindikiza wanyonge mahakamani. Wakili si yeye. Ila mawakili walimjua, na makarani walimpisha kiti.

Kazi yake aliifanya uani, kwenye kamba ya nguo. Mtu akija na shida, humwambia amwage karatasi zake zote, hata risiti ya dukani. Kisha huzianika kwa vibanio, kwa kufuata tarehe.

"Karatasi zikiwa mfukoni hudanganya," alizoea kusema. "Zipange foleni uone zitakavyosutana."

Siku moja akaja mjane wa fundi viatu, mfuko wa plastiki kwapani, macho mekundu. Shemeji yake alikuwa na hati isemayo kwamba mjane ameridhia kumwachia nyumba, na amebonyeza dole gumba la mkono wa kulia. Kesi ilikuwa keshokutwa. Akishindwa, yeye na wanawe watatu nje.

"Uliweka dole?"

"Sijui, Bibi. Msibani niliwekewa makaratasi mengi mbele. Siku zile hata jina langu ningeulizwa ningekosea."

"Na wewe nawe! Dole unalichovya tu kama unaonja mchuzi!"

Mjane akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka.

Wakaanika. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo, nakala ya hati ya shemeji. Ikabaki kadi ya zahanati, imekunjwa, ina doa la mafuta.

"Hiyo achana nayo, Bibi. Ni ya mkono tu. Niliteleza bombani."

"Kwangu hakuna 'tu'."

Akaitafutia nafasi yake kambani, nayo ikaangukia ubavuni mwa hati, siku nne kabla yake. Mkono wa kulia, plasta, wiki sita.

"Mwanangu, hiyo plasta ilifika wapi?"

"Mpaka kwenye kucha. Dole lote lilikuwa ndani, hata kujikuna siku—"

Akajikuta amekaa kwenye beseni, na maji yamo.

Mahakamani hakimu aliisoma kadi, akairudia hati, akavua miwani.

"Bwana, hili dole lilitokaje kwenye plasta?"

Shemeji akatazama dole lake mwenyewe, kisha akalificha mfukoni. Watu wakaangua kicheko. Hati ikatupiliwa mbali, nyumba ikabaki kwa wenyewe.

Nje, mjane alivua viatu akasimama pekupeku kwenye ngazi, akashusha pumzi ambayo ni kama aliibana tangu mazishi.

"Bibi, nikulipe nini?"

Bi Vibanio akamtwika mikononi kikapu chake cha vibanio.

"Kesho asubuhi anakuja mama anayenyimwa kuwaona wanawe. Magoti yangu yamechoka kusimama. Utamwanikia wewe."

"Mimi? Na kusoma sijui!"

"Tarakimu unazijua?"

"Nazijua."

"Basi yatosha. Na karatasi atakayokwambia uachane nayo, anza na hiyo."