Damu ya Wifi

Mume wangu ana damu ya mwanamke mwingine, na huyo mwanamke ninamjua fika: ni wifi yangu, dada yake wa tumbo moja. Msinitolee macho. Mume wangu alikuwa anakufa. Saratani ya damu ilishamla mpaka suruali zinamwanguka, na madaktari wakasema lililobaki ni kupandikizwa uboho wa ndugu, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kwao wamezaliwa wawili tu. Wifi akapimwa, ukalingana. Akatobolewa nyonga, akatoka anachechemea na bado ananichokoza: "Sasa ukimpiga huyu, umenipiga mimi."

Wifi ni mtafiti. Anachunguza namna seli za kinga ya mwili zinavyoitana, na kwa nini nyingine zinageuka saratani ya damu. Kila akipima damu ya mgonjwa lazima aweke pembeni damu ya mtu asiyeumwa, ya kulinganishia, na yeye, kwa uvivu wa kutafuta watu, alikuwa anajitoa mwenyewe. Maabara nzima wakamwita Mzima. "Mzima hajaja?" "Mzima yuko chai." Jina likamganda.

Basi mume wangu akapona. Lakini, jamani, hakurudi yule yule. Kundi lake la damu likabadilika, likawa la dada yake. Karanga alizokuwa anatafuna kutwa zikaanza kumvimbisha midomo, kama zinavyomvimbisha dada yake tangu utotoni. Nilikuwa namtazama amesinzia kwenye kochi, vinyweleo vinanisimama: nani huyu ninaishi naye? Mwenyewe akaligeuza utani. Wifi akiwa kwetu, nikiita "Wifi!" yeye ndiye anayewahi kuitika, kasauti kembamba, "Bee!" Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Kila mume wangu alipokwenda kliniki, chupa moja ya damu yake ilipelekwa kwa wifi. Asubuhi moja wifi akanipigia simu. "Njoo maabara. Uje peke yako."

Chumba chake kina baridi, majokofu yananguruma ukutani, na kabati moja tu lina joto, joto lile lile la mwili wa mtu. Humo ndimo seli zinamoishi, kwenye visahani vya plastiki. Alitoa kimoja, akakiweka chini ya hadubini, akanivutia kiti. Niliona viduara vingi vimebanana, vinang'aa.

"Seli ya damu haijiamulii kuzaana," alisema. "Inangoja iitwe na wenzake. Isipoitwa, inakufa. Hiki sijakitia chochote cha kuziita. Nilitegemea nizikute zimekufa."

"Halafu?"

"Zinaitika. Hakuna aliyeita, na zinaitika."

"Umerudi," nikasema. "Ugonjwa wake umerudi!" Nikaanza kulia hapo hapo kwenye kiti.

"Ngoja kwanza. Nataka kujua ni seli za nani."

"Za nani tena, wifi? Si za mume wangu!"

"Ndani yake tupo wawili," alisema. "Zake ni za kiume, zangu ni za kike. Zinatenganishika." Hakuniangalia aliposema hivyo.

Nikarudi nyumbani, nikapiga kimya. Mume wangu yuko bafuni anapiga mluzi. Niliunguza mboga, akacheka, akaniuliza kama nina mimba. Tukakaa kula, mimi nautazama mshipa wa shingo yake unavyodunda, nawaza vile viduara humo ndani, vinaitika na kuitika, na chumba kizima kimya. Niliogopa, sitaki kudanganya. Nikajipa moyo kwa jambo moja tu: wifi yupo, alitoa mara ya kwanza, atatoa tena.

Siku majibu yalipotoka alikuja moja kwa moja kutoka kazini, koti jeupe kwapani. Akaketi kando ya mdogo wake. Kabla hajafungua mdomo niliona kwenye mkono wake, pale kiwiko kinapokunjika, pamba na plasta.

Alimweleza yote. Mume wangu akasikiliza, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo ugonjwa wangu umerudi."

"Wako haukurudi. Wako uliisha kabisa." Wifi akamwekea mkono gotini. "Hizi ni za kike. Ni zangu. Nilikupa zikiwa zimelala, sikujua, na vipimo vya siku zile havikuona kitu. Zimeamka kwako kwanza. Nikapima na yangu, hiyo wanayoiita ya Mzima. Hadi juzijuzi ilikuwa inakufa kwenye kisahani kama kawaida. Sasa haifi."

Nilimchukia. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini nilimchukia kwa moyo wangu wote. Halafu nikauona mkono wake wenye plasta juu ya goti la mdogo wake, na ile faraja yangu ya kijinga ikanirudia, kwamba wifi yupo, atatoa tena. Sasa nani atampa nani?

Sikuweza kukaa. Nikakimbilia jikoni, nikafungua bomba, maji yakamwagika bure. Sebuleni kimya, hata kiti hakilii. Nikashikwa na woga wa kitoto, nikataka tu nisikie sauti ya mtu.

"Wifi!" nikaita.

"Bee," wakaitika wote wawili kwa pamoja, na hakuna aliyecheka.