Mwaka Niliolinda Mila Nikiwa Nimekaa

Naikumbuka vizuri asubuhi moja kwetu Uriri, mwanangu, miaka ile ya tisini. Mvua ya masika ilikuwa imelowesha mashamba yote, nami nimekaa mlangoni nakunywa uji. Kazi ya kukaa nyumbani ningeweza kuifundisha.

Kwetu Waluo, boma hupanda kwa zamu. Mama alikuwa ameshatia mbegu zake. Aliyefuata ni mimi, kifungua mimba; nisipopanda, nyumba za wadogo zangu hazithubutu. Mdogo wangu alikuwa amefariki, akamwacha mkewe Akinyi na watoto wanne. Akinyi akaja na jembe.

"Shemeji, mvua itatuacha. Panda hata mstari mmoja tu, nami nianze."

"Akinyi, mila haikimbizwi," nikamjibu, sauti nzito kama ya chifu. "Nangoja udongo ushibe."

"Umeshiba, shemeji. Watoto ndio bado."

Nikacheka. Ukweli ni kwamba shamba langu sikuwa nimelima, na sikutaka mahindi ya mjane yaote kabla ya yangu, watu wakaniona. Lakini nakuapia, moyoni niliamini naheshimu wazee. Mvivu hajiiti mvivu, hujitafutia cheo.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, nayo matumbo yenyewe hayakuwa yangu. Nilipopanda hatimaye, Akinyi alipanda siku ileile. Mvua ikakatika. Mahindi yetu yakakauka yakifika magotini. Mimi nilikuwa na mihogo. Yeye hakuwa na kitu. Mtoto wake mkubwa akapelekwa Rusinga kwa mjomba, apate kula.

Mama akaniita. Hakupaza sauti.

"Omolo, mila ilikwambia utangulie. Nani alikwambia ukae?"

"Mvua ilinidanganya, Mama."

"Mvua haina mdomo. Anayekudanganya mnakula naye sahani moja."

Nilimpelekea Akinyi mihogo, naye akapokea. Mtoto alirudi akiwa kijana mwenye ndevu, akaniamkia kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mgeni. Hiyo bado inaniuma.

Mwanangu, ukipata sababu nzuri ya kufanya lile ulilokuwa unalitaka tayari, iogope sababu hiyo. Uliza nani atalala njaa kwa ajili yake. Ukiona si wewe, inuka.

Mungu akupe macho ya kujitazama na miguu isiyochelewa. Na walio nyuma yako washibe kwa kuwa wewe ulitangulia.