Mama Masjala na Folda Iliyogoma

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna barua iliyotoka ofisi ile bila kupita mikononi mwa Mama Masjala. Akikuta kosa la herufi moja huirudisha, hata ikiwa ya mkuu mwenyewe. Wenzake walimcheka pembeni, lakini barua walimpelekea.

Sasa rafu zake zilikuwa tupu, zimebaki alama za vumbi pale majalada yalipokaa. Yote yalikuwa yamehamishiwa kwenye hifadhi ya pamoja, kisanduku cheusi kama tofali, ili kila mtu ayasome mezani kwake. Fundi wa kompyuta aliunganisha meza zote kwa mkono wake. Ikabaki ya Mama Masjala, naye fundi alikuwa amebanwa na kazi ghorofa ya juu.

"Saa sita ikifika hujaunganishwa," mkuu alimwambia bila kumtazama, "masjala ataishika mwingine, wewe ukae mapokezi. Umri huu usijitese, mama."

Fundi akamwelekeza kwa simu. "Andika jina la kisanduku, mkwaju, kile kistari cha mshazari, halafu jina la folda. Majarada. Basi."

Akaandika: majalada. Kompyuta ikajibu kwamba haioni kitu chenye jina hilo. Akachomoa waya, akauchomeka. Akaandika upya, taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Wapi. Saa sita kasoro robo.

Akavua miwani, akaifuta. Ndipo akakumbuka kwamba juzi tu fundi huyo alimwomba "karamu" ya kusainia, naye akamuuliza ni karamu ya harusi ya nani.

Akaandika, mkono mzito, kama anayeandika tusi: majarada. Folda ikafunguka, majalada elfu nne yakajipanga mbele yake.

Fundi aliposhuka alimkuta anasoma.

"Fundi, majalada umeyaandika kwa R."

"Si yale yale tu, mama?"

"Kwangu siyo. Badilisha."

"Nikibadilisha, ofisi nzima itakatika."

"Ikatike. Nitaiunganisha mimi."

Akapita meza kwa meza, kumi na moja, mgongo umenyooka. Ya mwisho ilikuwa ya mkuu, ambaye alisimama akampisha kitini.

"Kumbe unaweza," mkuu alisema.

"Nisogezee hicho kikombe, bosi," alijibu Mama Masjala akikaa, "kisije kikanimwagikia."