Pipa Jeupe Lililoitwa Narok

Jumamosi ile Nashipae aliingia kazini saa moja na nusu asubuhi, akakuta mapipa yake manne yamepakwa rangi mpya. Hilo peke yake lisingekuwa baya. Lakini pipa jeupe, jeupe pepepe, lilikuwa limeandikwa NAROK kwa herufi kubwa kama za kibao cha barabarani. Alisimama na mkoba begani, akalisoma mara mbili, kisha akasonya kwa nguvu hadi mlinzi akageuka.

"Nani amefanya hii upuzi?"

"Ni Kocha Gakuru," Muteti mlinzi akasema. "Jana jioni, ukishaenda. Alisema ni ya wageni."

Kwa Kimaasai, narok ni nyeusi. Hakuna siri hapo, wala si elimu ya chuo. Mtoto anayeanza kutembea nyuma ya ndama anajua. Nashipae aliyatazama yale mengine. Pipa jeusi, lile hasa lililokuwa Narok tangu siku ya kwanza, kwa jina la ng'ombe wa baba yake, sasa lilisoma NAMANGA. Jekundu, ambalo yeye aliliita Nanyokie, lilisoma KAJIADO. Sambu, lile la madoadoa, lilikuwa ISINYA. Naibor, yaani nyeupe, ndilo lililobandikwa jina la mwenzake. Huyu bwana alikuwa amesikia akina mama anaowafundisha wakiita "Narok!" kila Jumamosi, akadhani wanaita mji, akaona ni busara awaongezee miji mingine. Mtu anakuibia ng'ombe, halafu hata rangi yake haijui!

Uwanja wenyewe uko nje kidogo ya Kitengela, nyuma ya machimbo ya mawe. Si wa kuchezea gofu yenyewe, ni wa kuifanyia mazoezi tu. Mteja hupewa kikapu cha mipira mia moja, husimama kwenye mkeka na fimbo yake, hupiga mpaka kikapu kiishe, kisha huenda zake akijipongeza kwa jasho. Nashipae, mama yake Katoo, mwenye miaka arobaini na saba, alikuwa ameiokota mipira hiyo kwa miaka tisa. Kabla ya hapo, mahali papo hapo, alichunga ndama wa baba yake. Kaka zake waliiuza ardhi kipande baada ya kipande, na yeye hakuulizwa neno. Aliporudi kutafuta kazi alikuta waya umezungushwa pale alipozoea kukalia jiwe na kunywa maziwa ya kibuyu.

Kuokota mipira ni kazi kama kazi nyingine, ila wateja wa pale hawakuwa na haya. Hawakungoja atoke uwanjani. Walipiga tu, na wengine waliona ni mchezo kumlenga. Kulikuwa na mmoja, Githongo, mfanyabiashara wa kokoto, aliyemaliza vikapu viwili kila Jumapili kwa mwaka mzima, na mipira yake ilikwenda kila upande isipokuwa mbele. Siku moja alimwona Nashipae ameinama karibu na uzio, akawaambia wenzake, "Ngoja niamshe huyo mama." Akapiga. Mpira ukaenda umenyooka kabisa, ukatua mgongoni mwa Nashipae. Watu wazima, wenye watoto na makanisa yao, wakacheka hadi wakashika mbavu.

Alikwenda ofisini kwa Wachira, mwenye uwanja, akamwonyesha ulipompata. Wachira hakuinua macho kwenye simu yake. "Si uvae helmeti, mama wa mipira," akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote: mama wa mipira, kana kwamba hakuzaa mtu.

Basi akavaa helmeti kuukuu ya bodaboda, na ndani ya helmeti ile akafikiri kwa hasira. Kwa nini Githongo, asiyejua kunyoosha mpira, aliunyoosha ule? Jibu lilimuuma kuliko mgongo. Kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kulenga, na alikitaka kwa moyo wake wote. Mipira mingine yote alikuwa akiirusha tu kwenye nyasi, amalize kikapu, ahesabu mia, aende nyumbani.

Na kuhesabu ndiko kulikomkera Nashipae zaidi. Baba yake hakuhesabu ng'ombe kamwe; kwao ni mwiko. Jioni alisimama kwenye lango la boma, akalitazama kundi likiingia, akasema, "Mwana wa Sambu hayupo," na kweli hayupo. Alimjua kila mmoja kwa sura yake na mwendo wake. Na alipomfundisha binti yake kurusha jiwe la kumgeuza ndama mtoro, hakumruhusu kurusha kabla ya kutaja jina. Taja kwanza unayemtaka. Mtazame. Kisha rusha. Ukikosa, sema jiwe limeangukia wapi, ndipo uokote lingine.

Nashipae akatafuta mapipa manne yaliyotoboka. Akayasimamisha uwanjani, moja karibu, moja mbali, moja kando ya uzio, moja nyuma ya kichuguu. Aliyemletea rangi ni Wacuka, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kitengela, aliyekuwa akija kila wiki na kuondoka na mikono yenye malengelenge na hasira za bure. Nashipae alimnyang'anya kikapu kizima, akamwachia mipira thelathini.

"Hii ni kidogo sana, Mama Katoo," Wacuka akalalamika.

"Ni mingi kwa mtu hajui inaenda wapi. Rudi nyuma ya mpira. Nikiita jina, uliseme pia wewe, uangalie hiyo pipa, halafu ndio ukanyage mkeka. Naibor!"

Hakuliita pipa moja mara mbili mfululizo. Ng'ombe hawaji kwa foleni, alisema. Ukishapiga la karibu utaitiwa la mbali, ukishazoea la kulia utaitiwa la kushoto, na lazima ubadilishe fimbo na ufikiri upya. Kabla ya kugusa mpira mwingine ulipaswa kutaja ule wa kwanza umelala wapi: fupi, ndefu, upande wa machimbo, upande wa barabara. Hakuna kusema tu "nimekosa." Mchungaji anayesema tu "amepotea" hafai kupewa ndama.

Baada ya mwezi mmoja Wacuka alimleta Nzisa, muuguzi aliyekuwa karibu kuuza fimbo zake. Nzisa akaleta wengine. Ikawa Jumamosi asubuhi pale hapatoshi, wanawake wanane wakiitana majina ya ng'ombe, wakitaniana, pipa likilia kong! na mtu akirukaruka kama anayeozesha mwana. Zamani mia ilikwisha kwa nusu saa na kila mtu amenuna. Sasa thelathini ilifika hadi saa sita mchana, na walikuwa wanaomba waongezewe.

Wachira aliona magari yameongezeka. Aliona, ndiyo, na akafanya nini? Akamwajiri Gakuru, kijana mwenye shati safi na cheti chenye muhuri. Jumatatu akamwita Nashipae ofisini.

"Jumamosi tunapata wageni, kamati ya akina mama kutoka klabu ya Nairobi. Wakipenda hii darasa, wataleta wanafunzi wao. Kocha ndiye ataifundisha. Jina yake ndio itaandikwa kwa kibao hapo nje."

"Darasa ni yangu, Bwana Wachira."

"Wewe hauna cheti, mama wa mipira. Wewe okota. Na siku ya wageni, tafadhali, usifungue mdomo."

Alitoka hapo akarudi kuokota. Hakuwa akitaka makubwa. Alitaka kitu kimoja: kwamba kile alichokitoa kichwani mwake, kwa maumivu ya mgongo wake, kiitwe chake, na yeye aitwe mwalimu mahali pale ambapo baba yake alimfundisha. Hicho kimoja wakakichukua mchana kweupe, na juu yake wakamwambia anyamaze.

Kwa hiyo Jumamosi ile, wageni wawili walipofika na kofia zao za jua, Nashipae alikuwa amesimama kando ya ukuta, helmeti kichwani, kikapu tupu mkononi. Hakuwa amezungumza na wanafunzi wake. Waliposhuka kwenye magari Wachira aliwapeleka moja kwa moja kwenye mikeka, na Nzisa alipompungia mkono, Nashipae aliinamisha kichwa tu.

Gakuru alishika karatasi yenye mistari. "Karibuni," akawaambia wageni. "Hii ni mbinu yangu. Nimetumia miji ya hapa kwetu ili mwanafunzi ajisikie yuko nyumbani. Kila mtu atahesabiwa pointi zake. Mama Nzisa, anza. Narok!"

Nzisa akarudi nyuma ya mpira. "Narok," akasema polepole, akatazama, akakanyaga mkeka, akapiga. Mpira ukapanda, ukashuka, pipa jeusi likalia kong!

Wageni wakapiga makofi. Gakuru akacheka kidogo. "Hapana, mama. Hiyo ni Namanga. Narok ni ile nyeupe, soma maandishi. Sifuri. Mwingine! Narok!"

Akasimama Wacuka. Akataja jina, akatazama, akapiga. Mpira ukadunda mara moja ukaegemea pipa jeusi.

"Sifuri," Gakuru akasema, na shingo yake ikaanza kung'aa jasho.

Wa tatu akapiga jeusi. Wa nne akalikosa jeusi kwa hatua mbili, akatangaza bila kuulizwa, "Fupi, upande wa machimbo." Wa tano akaligonga tena. Hakuna aliyekuwa amepanga kitu. Walikuwa wakifanya tu walivyofundishwa, na karatasi ya Gakuru ikawa sifuri juu ya sifuri.

"Kwani hawa wote hawajui kusoma?" mgeni mmoja, mama mwenye mvi fupi, akauliza.

Wacuka akageuka mzimamzima. "Kusoma tunajua sana. Na rangi pia ninajua, mimi ndiye niliileta. Narok ni nyeusi, mama. Ni ng'ombe, si stendi ya magari. Kama hamniamini, muulizeni mwenye ng'ombe, yule pale mmemweka kwa ukuta."

Vichwa vyote vikageukia ukutani. Wachira akafungua mdomo, lakini Nashipae alikuwa ameshaanza kutembea. Wiki nzima alikuwa amemeza maneno, sasa yalikuwa yamemfika kooni na hakuna mwajiri angeyarudisha.

"Hiyo mapipa iko pale kwa sababu wateja wa hapa walikuwa wananilenga mimi!" Akaivua helmeti, akaiinua wote waone ilivyobonyea. "Hii ndio cheti yangu. Niliona mtu hajawahi kunyoosha mpira ananinyooshea mgongoni, nikasema, kumbe shida si mkono, shida ni hawana kitu wanataka. Nikatoa mwili yangu, nikaweka mapipa. Nikawapatia majina ya ng'ombe ya baba yangu, hapa hapa alikuwa anawalisha. Na huyu anaandika nyeupe ni nyeusi, anasema ni mbinu yake!"

"Si ungeniambia mapema kama walikuwa wanakugonga..." Wachira akajaribu.

"Nilikuambia! Ulisema nivae helmeti!"

Wachira akajikuna shingo, akawatazama wageni, akatabasamu lile tabasamu lake la kibiashara. "Sawa, sawa. Hakuna haja ya kelele. Tutaandika jina yako pia kwa kibao. Chini ya kocha. Msaidizi."

"Msaidizi wa nani?" Nashipae akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini, jambo lililowatisha zaidi wanaomjua. "Nimsaidie nini, rangi?"

Nzisa akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Yule mgeni mwenye mvi hakucheka. Alivua koti lake, akalitundika kwenye kiti, akachukua fimbo nambari saba, akaja akasimama kwenye mkeka uliokuwa wazi. Alijiweka sawa, akainua fimbo.

"Toka hapo," Nashipae akamwambia. "Rudi nyuma ya mpira kwanza. Bado sijakuitia jina."

Wachira alifumba macho kama mtu aliyeona gari lake likigongwa. Lakini yule mama alishusha fimbo, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama wima kama msichana wa shule.

"Samahani, Mwalimu," akasema.

Nashipae alilisikia neno lile. Halikumpoza. Miaka tisa haipozwi na neno moja la mgeni. Lakini alisimama mahali pake nyuma ya mikeka, akalitazama lile shamba la baba yake, mapipa yamesemeshwa uongo, mipira imezagaa kuanzia kichuguuni hadi kwenye uzio. Kwa mazoea kila mtu alikuwa akingoja aende kuiokota kabla darasa halijaendelea. Aligundua kuwa kikapu bado kilikuwa mkononi mwake.

Akamgeukia Gakuru, akamkabidhi kikapu, na juu yake akamwekea helmeti.

Gakuru alikishika kwa mikono miwili. Akamtazama Wachira, na Wachira akatazama viatu vyake. Kijana akaivaa ile helmeti polepole, ikamkaa upande, akaanza kushuka uwanjani. Alipofika nusu ya njia akageuka.

"Mama... Mwalimu," akaita. "Mipira ni mingapi?"

"Usihesabu!" Nashipae akampigia kelele. "Nenda uangalie, utajua gani haijarudi." Kisha akangoja. Alingoja hadi Gakuru akaokota wa mwisho na kutoka uwanjani, jambo ambalo kwa miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kumfanyia yeye, ndipo akamwitia mgeni ng'ombe wake wa kwanza.