Kumtafuta Con Katika Faharasa ya Ayalandi

Kila alasiri harufu ya karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, ilipanda kutoka mkahawa wa chini ikaingia chumbani kwetu mtaa wa Al Mansoura, Doha. Nilikuwa na miaka kumi, shule zilikuwa zimefungwa, na joto la nje halikuruhusu mtoto kucheza. Mama, aliyekuwa muuguzi, akirudi kutoka zamu alivua viatu, akanywa kikombe kimoja, kisha tukaketi mbele ya kompyuta yake kumtafuta baba yake.

Babu alikuwa Mwayalandi aliyefundisha Kisumu, akaondoka Mama hajajua kutembea. Aliacha barua moja, yenye jina la kijiji alikozaliwa na sahihi: Con, na jina la ukoo. Mama alikua akiamini kwamba mtu huyo hakumjali hata kidogo. "Nataka tu kujua alikuwa nani," aliniambia.

Faharasa ya vizazi vya Ayalandi, yaani orodha ya waliozaliwa, iko wazi mtandaoni, ila ina ubahili wa maneno: jina, mwaka, wilaya ya usajili, kitabu, ukurasa. Wazazi hawatajwi. Tulipoteza wiki mbili tukitafuta kijiji, kumbe wilaya zile zilipewa majina ya miji na wala hazikufuata mipaka ya kaunti. Tukajaribu jina la ukoo likianza na O, kama mengi ya Kiayalandi, kisha bila O. Con hakuwepo.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko ya Doha, katika misa ya Kiswahili kwenye kanisa la Mesaimeer, somo lilihusu akida aliyeitwa Kornelio. Nikamvuta Mama mkono.

"Mama, Con si kifupi cha Kornelio?"

Akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha, lakini mahubiri hakuyasikiliza tena.

Tuliporudi nyumbani tuliandika Cornelius. Walikuwa watatu katika wilaya ile. Tukafungua picha za daftari lenyewe, na ya pili ilikuwa na kijiji kile cha kwenye barua. Mama alisoma polepole, kidole kikifuata mwandiko: baba, mkulima; mama, Hannah. Yeye mwenyewe anaitwa Hana. Bibi alimwambia tangu utotoni kwamba jina hilo lilichaguliwa na baba yake, bila kujua alikolitoa. Mama aliinuka, akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sasa ni mimi ninayefanya kazi Doha. Nikiwa kwenye metro, kwa simu tu, ningempata babu kabla ya kituo kinachofuata, lakini nisingepata zile alasiri za kuketi nimeegemea bega la Mama. Mwezi uliopita niliwapata wajukuu wa kaka yake babu. Nilimpigia Mama, ambaye amestaafu na kurudi Kisumu, nikamuuliza niwaandikie nini.

Alifikiri kidogo. "Waambie tupo," akasema.