Magunzi ya Mama

Kazi yangu chuoni ni kutengeneza mkaa mwepesi wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ili gesi ya haidrojeni ikae humo badala ya kusukumiwa kwa nguvu kwenye mtungi mzito wa chuma. Mkaa wenyewe ni wa magunzi ya mahindi. Mara ya kwanza nilimpigia mama simu, akaniwekea gunia moja, nikalifuata nyumbani Mhezi, juu mlimani. Nikayachoma kwenye tanuri lisiloingia hewa, na mkaa ukashika gesi kuliko alivyotarajia msimamizi wangu. Akaniambia nirudie. Bila kurudia, shahada ningeisikia kwa wenzangu.

Nikarudia kwa magunzi niliyookota tambarare, Makanya, maana uvivu wa kupanda mlima ninao. Mkaa haukushika kitu. Nikabadili joto, nikabadili muda, wapi. Hasira zangu ziko karibu. Nilivunja chupa mbili za maabara nikasingizia utelezi. Muda niliopewa ulikuwa unakwisha, na niliogopa.

Mwishowe nikampigia mama tena, nikapanda. Nilimkuta uani ameinamia beseni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akisogea kulificha. Ndani yalikuwa magunzi yangu, ameyaloweka kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi, yale anayosugulia masufuria.

Nilimuuliza kama hata yale ya kwanza aliyafanya hivyo. Akatazama chini.

"Niliyaloweka siku mbili, nikayaanika. Ningekuachaje upeleke uchafu chuoni, watu waseme huna mama? Nisamehe, mwanangu, kama nimekuharibia."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Majivu yale yalipenya kwenye magunzi, na ndani ya tanuri yakautoboa mkaa vile vitundu nilivyokuwa navitafuta. Nilikaa chini pale pale nikalia. Mama akadhani ameniponza, akazidi kuomba radhi, ikanibidi nimshike mikono yote miwili, imekauka kwa majivu, nimweleze taratibu. Sijui alielewa kiasi gani. Aliniuliza tu kama sasa nitakula.

Mkaa wa magunzi yale ulishika gesi, na uliofuata pia. Kwenye tasnifu niliandika: loweka siku mbili katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kisha anika. Msimamizi alizungushia mstari huo kalamu nyekundu, akauliza nimeutoa kitabu gani.

Nikamwambia nimeutoa kwa mama, alikuwa anaona aibu nilete uchafu chuoni.